Timișoara: Mambo ya Msingi

Nilipopata barua ya kukubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya historia Timișoara, mama aliniuliza maswali manne. Liko wapi? Lina watu wangapi? Baridi yake ikoje? Na kuna nini huko? Nilimjibu kwa dakika mbili, nikisoma kwenye simu: ni jiji kubwa la magharibi mwa Romania, kitovu cha eneo la Banat, linapitiwa na mto Bega, lina watu kama robo milioni, na baridi ipo ya kutosha. Mama aliridhika. Mambo ya msingi alikuwa ameyapata.

Aliyenyamaza siku ile alikuwa Baba Mdogo. Yeye alisoma Timișoara uhandisi wa mitambo, kuanzia 1981 hadi 1987, kwa ufadhili wa serikali ya kule. Romania na Tanzania zilikuwa marafiki. Ceaușescu mwenyewe alifika nchini mwaka 1972. Nyumbani kwetu Tanga tulikuwa na picha moja tu ya miaka ile: vijana wawili mbele ya kanisa kuu lenye minara mirefu, mmoja Baba Mdogo, mwingine mzungu mwembamba aliyevaa koti lililompwaya. Tuliambiwa tangu utotoni kwamba yule mzungu alikufa. Habari zaidi hatukupewa.

Usiku wa kuamkia safari yangu Baba Mdogo alinipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Mwanangu, kuna makaburi ya waliouawa mwaka 1989. Ukipata nafasi nenda. Mtafute rafiki yangu." Akanitajia jina, herufi kwa herufi. Nami sitaliandika hapa, kwa sababu huenda mwenyewe au jamaa zake wapo na hawajaniruhusu.

Mwaka wa kwanza sikwenda. Nilikuwa najifunza Kiromania katika mwaka wa maandalizi, kama alivyofanya yeye, na kutafuta koti zito. Lakini mwanafunzi wa historia hawezi kukaa mahali bila kuanza kupekua. Kila jambo la msingi nililomwambia mama kwa dakika mbili lilikuwa na mlango nyuma yake.

Nianze na swali la kwanza, liko wapi. Kwenye ramani Timișoara ipo Romania, lakini iko karibu zaidi na Belgrade na Budapest kuliko Bucharest, mji mkuu wake, ulio zaidi ya kilomita mia tano upande wa pili wa nchi. Na haikuwa Romania siku zote. Katika karne ya 14 Karoli Robert, mfalme wa Hungaria, aliifanya makao yake kwa miaka kadhaa. Mwaka 1552 Waosmani waliiteka, wakaitawala kwa miaka 164. Mwaka 1716 jeshi la Mwanamfalme Eugene wa Savoy likaitwaa kwa ajili ya nasaba ya Habsburg ya Vienna. Baadaye ikarudi chini ya Hungaria. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, mwishoni mwa Oktoba 1918, ilitangazwa hapa Jamhuri ya Banat, ambayo haikudumu. Jeshi la Serbia likaingia mwezi uliofuata, na Agosti 1919 likaingia la Romania. Mkataba wa Trianon wa 1920 ukaligawa eneo la Banat, na jiji likabaki Romania. Mtu aliyezaliwa hapa mwaka 1900 angeweza kubadilishiwa nchi bila kuhama nyumba.

Mimi ni Mwislamu wa pwani, kwa hiyo nilianza na ile miaka 164. Nilitafuta msikiti wa zamani nikaonyeshwa sakafu ya uwanja. Katika Uwanja wa Mtakatifu George wachimbaji wa mambo ya kale walikuta misingi ya msikiti, na leo mistari yake imechorwa kwa mawe kwenye sakafu mpya. Watu wanapita juu yake wakienda kununua kahawa. Kwenye Uwanja wa Uhuru walikuta mabaki ya hamamu. Walioingia 1716 waliwaruhusu askari na raia Waislamu kuondoka na mali zao, kisha wakaujenga mji upya kwa mstari ulionyooka, ndani ya ngome mpya.

Wakati ule ndipo nilipokutana na Osman Aga. Alizaliwa hapa, akawa askari wa farasi, na mwaka 1688 akatekwa Lipova, mji wa karibu, akiwa kijana aliyetumwa kupeleka mishahara ya askari. Alikaa utumwani kwa Waaustria kama miaka kumi na mmoja, akiuzwa na kugombewa, hadi akatoroka kurudi nyumbani. Utumwa ulimfundisha Kijerumani, na Kijerumani kikamfanya mkalimani wa mapasha. Mwaka 1724, mji wake ukiwa umeshachukuliwa, alimaliza kuandika maisha yake. Nilikisoma kitabu chake nikiwa kitandani bwenini. Kilichonigusa ni jinsi anavyotaja bei: fidia ilikuwa kiasi gani, nani alimdhulumu kiasi gani. Mtu aliyewahi kuuzwa anakumbuka hesabu. Wakati huo sikujua kwamba sentensi hiyo ingenirudia.

Swali la pili, lina watu wangapi. Sensa ya 2011 ilihesabu watu 319,279. Ya 2021 ikahesabu 250,849. Karibu elfu sabini pungufu kwa miaka kumi, katika jiji lisilo na vita wala njaa. Baadhi walihamia vijiji vya pembezoni vyenye nyumba nafuu, wengine wako Ujerumani, Italia na Hispania. Lakini kuondoka hakukuanza juzi, na kuja pia hakukuanza juzi.

Watu wa Vienna walipoichukua Banat waliikuta imejaa vinamasi na homa. Mwana wa Tanga haelezwi malaria ni nini. Niliposoma barua za walowezi waliozika watoto watatu kwa kiangazi kimoja, niliwaelewa. Kuanzia 1728 mto Bega ulichimbwa ukanyooshwa kuwa mfereji. Wakaletwa wakulima na mafundi kutoka nchi za Kijerumani kwa mashua za mto Danube. Hao wakaitwa Waswabi, ingawa si wote walitoka Swabia. Walikuwapo Waserbia, Waromania, Wahungaria, Wayahudi, Wabulgaria. Mpaka leo jiji lina kumbi tatu za taifa za maigizo, kwa Kiromania, Kihungaria na Kijerumani. Tarehe 12 Novemba 1884 taa za umeme 731 ziliwashwa mitaani, na wenyeji hawachoki kukwambia kwamba Ulaya bara hakuna jiji lililowatangulia.

Kiunga kimoja cha Waswabi kinaitwa Freidorf. Hapo mwaka 1904 alizaliwa Johnny Weissmuller, ambaye wazazi wake walimchukua mchanga kwenda Marekani, akawa bingwa wa kuogelea wa Olimpiki, halafu akawa Tarzani wa sinema. Nilicheka peke yangu maktabani. Yule mfalme wa msitu wa Afrika tuliyemwiga utotoni kwa kupiga makelele juu ya miembe, kumbe ni mtoto wa mwisho wa reli ya tramu.

Nilimtumia Baba Mdogo ujumbe kuhusu Tarzani. Akajibu: "Freidorf ndiko kwao rafiki yangu. Umeshakwenda makaburini?"

Nilikuwa sijaenda. Ni aibu kukiri kwamba nilikuwa naogopa kulikuta jina.

Hapa lazima niseme kilichotokea Desemba 1989, kwa sababu ndicho kinachofanya watu wa nje walijue jiji hili. Miaka ya 1980 Ceaușescu aliamua kulipa deni lote la nje. Chakula kilisafirishwa kuuzwa, wananchi wakabaki na mgao: mkate, sukari, mafuta. Nyumba zilipata joto saa chache. Baba Mdogo husema alikimbia foleni ya sabuni Dar es Salaam akaikuta foleni ya mkate Timișoara, tofauti ikiwa theluji. Wenyeji walielekeza antena zao Yugoslavia na Hungaria, kwa kuwa televisheni ya taifa ilirusha matangazo saa mbili tu kwa siku, na mengi yalikuwa ya kumsifu kiongozi.

Katikati ya Desemba serikali ilitaka kumhamisha kwa nguvu László Tőkés, mchungaji wa Kanisa la Reformed la Wahungaria aliyekuwa akiikosoa. Waumini wake wakaizunguka nyumba. Majirani wakaungana nao, Waromania, Waserbia, Wajerumani, Wabaptisti na Waorthodoksi. Jioni ya tarehe 16 watu katika Uwanja wa Maria walizisimamisha tramu, na kilichoanza kama ulinzi wa mchungaji kikawa maandamano dhidi ya utawala. Kwenye uwanja huohuo, mapokeo yanasema, ndipo mwaka 1514 György Dózsa, kiongozi wa uasi wa wakulima, alipokalishwa juu ya kiti cha chuma kilichochomwa moto na kuvishwa taji la moto. Ukishuka tramu pale leo, sanamu ya Bikira Maria iko upande mmoja na nyumba ya mchungaji iko hatua chache tu.

Tarehe 17 jeshi na polisi walifyatua risasi. Tarehe 18 vijana walipigwa risasi kwenye ngazi za kanisa kuu, zilezile za kwenye picha yetu. Usiku huo miili 43 iliibwa kutoka chumba cha maiti cha hospitali ya mkoa, ikapakiwa kwenye lori la kubebea nyama, ikapelekwa Bucharest, ikachomwa, na majivu yakamwagwa kwenye mtaro wa maji machafu. Operesheni hiyo iliitwa Waridi. Timișoara hujiita jiji la maua. Ina bustani nzima ya mawaridi. Tarehe 20 wafanyakazi wa viwandani walijaa Uwanja wa Opera, askari wakarudi kambini, na kutoka roshani ya jumba la opera ikatangazwa kwamba hili ni jiji huru. Siku mbili baadaye Ceaușescu alikimbia Bucharest. Siku ya Krismasi alipigwa risasi.

Siku zile Baba Mdogo alikuwa Tanga, ameajiriwa kiwandani, amekaa na redio usiku. Redio za nje zilitaja idadi: zaidi ya watu 4,000 wameuawa Timișoara. Zilionyeshwa hata picha za maiti waliofukuliwa. Rafiki yake alikuwa hajajibu barua tangu mwanzoni mwa 1988. Alikuwa mtu wa mdomo, asiyeogopa, aliyewahi kusema mambo kwenye chumba cha bweni ambayo Baba Mdogo alimsihi asiyaseme. Katika watu 4,000 wa jiji unalolijua, wako atakosekanaje? Baba Mdogo aliandika barua tatu mwaka 1990. Hakuna iliyojibiwa. Akamsomea dua, akaacha kuandika.

Ile idadi haikuwa kweli. Maiti waliofukuliwa na kupigwa picha walitoka kwenye makaburi ya maskini, watu waliokufa kwa maradhi na mambo mengine kabla ya vurugu. Hesabu za baadaye zilionyesha kwamba waliouawa Timișoara mwezi ule walikuwa kama mia moja hivi, si maelfu. Kwa Romania nzima walizidi elfu moja, na wengi wao walikufa baada ya Ceaușescu kukimbia, katika siku ambazo haikuwa wazi nani anampiga nani. Mia moja ni wengi mno. Lakini kuna watu ambao, kwa kuwa walidanganywa elfu nne, walipoambiwa mia moja walisema basi hakukutokea kitu. Uongo uliokusudiwa kuwakuza marehemu ukaishia kuwapunguza.

Nilikwenda makaburini Februari, mwaka wa pili, asubuhi ya baridi kavu. Makaburi ya Mashujaa yako barabara ya Lipova. Kuna mwali usiozimwa na majina yaliyochongwa. Nililisoma kila jina kwa kidole, polepole, kama nilivyofundishwa kusoma juzuu. Kuna waliozaliwa mwaka mmoja na mimi ungetoa miaka thelathini. Kuna watoto. Jina la rafiki yake Baba Mdogo halikuwepo. Nilirudia tena kutoka mwisho hadi mwanzo. Halikuwepo.

Sikumpigia simu siku ile. Kutokuwepo kwa jina si habari ya kumpa mtu aliyeomboleza miaka zaidi ya thelathini. Jumamosi yake nikapanda tramu hadi Freidorf na anwani niliyoikuta nyuma ya bahasha moja ya zamani, ambayo Baba Mdogo alinitumia picha yake.

Nyumba ilikuwepo, ndefu, imeipa barabara ubavu, kama zilivyo nyumba za Waswabi. Waliokuwa ndani walikuwa vijana, hawajui lolote. Lakini jirani, bibi mmoja wa Kiromania aliyekuwa akifagia theluji, aliliangalia jina kwenye simu yangu, kisha akaniangalia mimi. Akauliza kama mimi ni ndugu wa Mwafrika aliyekuwa akija pale Jumapili kula. Nikasema ni baba yangu mdogo. Akauegemeza ufagio ukutani.

"Waliondoka," akasema. "Mama, baba, kijana na dada yake. Kiangazi cha 1988. Mtaa huu wote waliondoka. Walilipiwa."

Neno hilo, walilipiwa, nililijua kutoka darasani, lakini sikuwa nimelikutanisha na sura ya mtu. Tangu miaka ya 1960 serikali ya Romania ilikuwa ikiwaruhusu raia wake wenye asili ya Kijerumani kuhamia Ujerumani Magharibi kwa malipo. Ujerumani Magharibi ilitoa fedha kwa kila kichwa. Miaka ya mwanzo bei ilifuata elimu: aliyemaliza chuo aligharimu zaidi ya mkulima. Katika miaka ya 1980 kichwa kimoja kilikuwa kama maki 7,800. Watu zaidi ya 200,000 waliondoka kwa njia hiyo hadi 1989. Sensa ya 1977 ilihesabu Wajerumani wapatao 359,000 nchini Romania. Ya 1992 ilihesabu wapatao 119,000. Mwandishi Herta Müller, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2009, alisoma katika jiji hili na kuondoka mwaka 1987. Mwaka mmoja baadaye, katika mkondo uleule, akaondoka kijana wa kwenye picha yetu.

Nilimwuliza bibi kama anajua waliishia wapi. Akasema kadi ya Krismasi ilikuja mara moja, kutoka mji ambao jina lake amelisahau. Halafu akaniuliza yule Mwafrika bado anapenda kabichi ya kuviringishwa. Nikasema sijui, sijawahi kumwona akila kabichi.

Nilipiga simu usiku. Nilimweleza yote kwa mpangilio, kama ninavyoandika tasnifu: ukuta wa majina, kile kiangazi cha 1988, malipo kwa kichwa. Alinisikiliza bila kuguna. Nilipofika kwenye malipo akanikatiza.

"Kwa hiyo waliuzwa?"

"Ndiyo, Baba. Ila wao ndio waliotaka kwenda."

"Kutaka kwenda ni kitu kingine. Nakuuliza, serikali ilipokea hela?"

"Ilipokea."

Akanyamaza. Kwa mtu wa pwani yetu, neno kuuza likifuatwa na neno mtu haliwi neno la kitabuni. Nilikumbuka hesabu za Osman Aga.

"Mimi niliwapenda sana wale," akasema hatimaye, na sikujua kama alimaanisha familia ile au serikali iliyomsomesha bure miaka sita. Nadhani ni wote wawili, na nadhani ndiyo sababu hakutaka kuzungumzia Timișoara muda wote huo. Alikwenda kule kwa hisani ya mtu aliyewanyima chakula majirani zake, na bado miaka ile ilikuwa mizuri.

Nilimwambia kwamba rafiki yake huenda yuko hai, kwamba ningeweza kutafuta katika vyama vya Waswabi wa Banat huko Ujerumani, ambavyo vingine vina orodha za vijiji na mitaa. Akasema nisubiri kwanza. Ana miaka sitini na kitu, akasema, na amezoea kumwombea maiti. Apewe wiki moja ajifunze kumfikiria mzee.

Kisha akauliza, "Na hao wa ukutani, majina yao umeyasoma yote?"

"Mara mbili."

"Basi dua yangu ya miaka yote iwe yao. Mmoja wao lazima alikosa wa kumwombea."

Wiki ilipita, akanitumia jina tena, safari hii na mwaka wa kuzaliwa na jina la dada. Nimeshaandika barua mbili, kwa Kijerumani cha kuombaomba msaada. Bado sijajibiwa. Mama naye nilimtumia ujumbe kusahihisha yale niliyomwambia kwa dakika mbili: jiji lina watu 250,849 kwa sensa ya mwisho, bila kuwahesabu walioondoka. Akaniuliza kama nimekula.